Uzi maalumu: Kundi la ofisini linapanda Kilimanjaro Desemba 9, tujadili afya na usalama kabla hatujalipa

Mtoza Michango
Wakuu, heshima mbele. Ofisini tumejichanga, tupo 14, wote wa Dar, umri kati ya miaka 24 na 57. Tunataka tuwe kileleni Uhuru asubuhi ya Desemba 9. Wakala ametuletea ratiba ya Machame siku 6, na kabla ya mlima ametuwekea siku mbili za Tarangire na Ngorongoro, eti "mpate kuzoea hali ya hewa". Kati yetu mmoja ana kisukari, mmoja ana presha, na dada mmoja anasema aliambiwa ana nusu selimundu. Wajuzi tupeni madini: ratiba imekaa sawa? Tubebe dawa gani? Nini hasa kinawaangusha watu kule juu? "Pole pole mtafika" tumeshaisikia, tunaomba vipimo.

Barafu Kwa Jicho
Mkuu, anza na ratiba kabla ya dawa. Ratiba mbovu haina kidonge.

Kanuni ni hii: ukishapita mita 3,000, unapolala leo pasizidi mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila ukishapanda mita 1,000 hivi, ulale usiku wa ziada palepale. Kinachohesabiwa ni mahali pa kulala. Mchana unaruhusiwa kwenda juu zaidi ukarudi chini, na kwa kweli ndivyo inavyotakiwa.

Sasa ipime ratiba yenu (vibao na ramani hutofautiana kwa makumi ya mita, msishikane mashati). Lango la Machame liko kama mita 1,800. Usiku wa kwanza Machame Camp, 2,850. Wa pili Shira, 3,840. Wa tatu Barranco, 3,960, baada ya kupita Lava Tower kwenye 4,600 mchana. Wa nne Barafu, 4,670, na usiku huohuo saa 6 mnaondoka kwenda 5,895.

Mruko wa siku ya pili ni karibu mita 1,000, na kwa Machame haukwepeki. Siku ya tatu ndiyo inayoiokoa njia hii: mnapanda juu Lava Tower, mwili unaonjeshwa hewa nyepesi, kisha mnashuka zaidi ya mita 600 kulala. Shida ya siku 6 ni siku ya nne. Kutoka Barranco mnakwea ukuta, mnavuka bonde la Karanga, mnaendelea hadi Barafu moja kwa moja. Mnafika saa 9 au 10 alasiri mmechoka, mnakula, mnalala saa tatu za kubahatisha, saa 5 usiku mnaamshwa. Hapo mmepanda mita 700 za kulala kwa siku moja na mnaongeza nyingine 1,200 bila kupumzika.

Ratiba ya siku 7 inaigawa siku hiyo: mnalala Karanga, karibu mita 4,000, kesho yake mnakwenda Barafu mkitembea saa tatu au nne tu, mnafika mchana, mnalala mapema. Ili muwe juu Desemba 9 kwa siku 7, ingieni lango Desemba 4, mtoke Desemba 10 kwa lango la Mweka. Mkiwa na bajeti zaidi, njia ya Lemosho ya siku 8 ndiyo bora, kwa sababu inaulainisha hata mruko wa Shira.

Na atakayewashawishi mwende Marangu siku 5 kwa kuwa ina vibanda na ni nafuu, mwambieni asante. Mandara 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, halafu kilele. Ni mita elfu moja kila siku, mfululizo. Marangu inafaa ikiwa na siku ya 6, yaani usiku wa pili Horombo, na siku hiyo mpande hadi Mawe ya Pundamilia mrudi. Siku ya kuzoea haimaanishi kushinda kibandani mkicheza karata.

Kijana wa Posta
Siku moja zaidi mara watu 14 ni hela ndefu mkuu. Vijana wetu wengi ni wa mazoezi, kuna wachezaji sita wa timu ya ofisi. Na mbona Wachaga hawaumwi? Nadhani hili jambo linakuzwa ili tulipe zaidi.

Daktari wa Zamu
Kijana, tusaidiane hapo.

Hewa ya juu ina oksijeni asilimia 21 kama ya Posta. Kinachopungua ni msukumo wake, na pale Uhuru kila pumzi inakupa kama nusu ya oksijeni unayopata baharini. Mwili unajibu kwa kuhema zaidi. Ukihema zaidi unapoteza hewa ukaa nyingi, damu inaelekea kuwa ya alkali, na ubongo unaona kama unahema kupita kiasi, unakupunguzia kasi, hasa usingizini. Figo ndizo zinazosawazisha damu hiyo kwa kutoa baikaboneti kwenye mkojo, na kazi hiyo huchukua siku. Mazoezi ya viwanjani hayaziharakishi figo. Mtu wa mazoezi yuko hatarini kwa sababu miguu yake inamruhusu kupanda haraka kuliko figo zake zinavyofuata, na kwa sababu anaona aibu kusema kichwa kinauma.

Kuhusu Wachaga: vijiji vingi vya uchagani viko kati ya mita 1,000 na 1,800. Huko si juu kwa hesabu hii. Wagumu (wapagazi) wanaonekana hawaumwi kwa kuwa wanapanda mara kwa mara, na kwa kuwa anayeumwa anaogopa kukosa kibarua, hivyo ananyamaza. Huugua, na hufa pia. Mkifika kambini waulizeni na wao wanajisikiaje, wala msimwachie mkuu wa wapagazi peke yake kazi hiyo.

Dalili zenyewe. Kila jioni baada ya chakula, kila mtu ajibu mambo manne: kichwa kuuma, tumbo (kichefuchefu, kutapika, kukosa hamu ya kula), uchovu, kizunguzungu. Kila kimoja kina alama 0 hadi 3, ambapo 0 ni hakuna na 3 ni kali isiyovumilika. Kichwa kikiuma na jumla ikafika 3 au zaidi, huo ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Hicho ndicho kipimo cha Lake Louise kilivyo tangu kilipopitiwa upya 2018. Usingizi mbaya uliondolewa kwa sababu karibu kila mtu hulala vibaya juu.

Mwenye alama 3 hadi 5 halali juu zaidi kesho. Anabaki alipo, anakunywa maji, anameza paracetamol gramu 1 au ibuprofeni miligramu 400, anaangaliwa. Ikiisha anaendelea. Ikizidi anashuka. Maumivu yakinyamazishwa na kidonge halafu yakarudi dawa inapoisha, hajapona.

Hali mbili zinaua. Ya kwanza ni ubongo kuvimba: mtu anayumba kama mlevi, anavaa viatu kinyume, anajibu maswali ovyo, anakuwa mkali bila sababu au anataka tu kulala. Mpimeni kwa kumtembeza kisigino kwa kidole kwenye mstari ulionyooka wa mita tatu, ageuke, arudi. Mwenye afya aliyechoka ataweza. Akitoka nje ya mstari au akidaka mtu asianguke, anashushwa sasa hivi, giza au mvua.

Ya pili ni maji kwenye mapafu, na hii haihitaji kichwa kuuma kwanza. Mtu anakuwa wa mwisho kwenye msafara ghafla, anakohoa, anahema akiwa ameketi, midomo na kucha zinakuwa za bluu (kwa ngozi nyeusi angalieni ulimi na ndani ya midomo). Baadaye kifua kinakoroma, na makohozi yanatoka na povu la waridi. Kwa kawaida huanza usiku wa pili hadi wa nne tangu kufika juu, na usiku ndipo inapozidi. Msisubiri povu. Anayehema akiwa amekaa tu, basi, safari yake ya juu imeisha.

Kushuka mita 300 hadi 1,000 kwa kawaida hubadilisha hali. Mwenye mapafu yenye maji asitembezwe kama kuna machela, maana juhudi inazidisha. Na wote wawili wasiachwe peke yao hata dakika moja.

Mama Kibo
Niongeze hapo kwa kuwatoa hofu: mkilala hema moja mtasikia mwenzenu anahema haraka haraka, kisha ananyamaza sekunde kumi au kumi na tano, kisha anavuta pumzi kubwa kama aliyezama. Ni kawaida juu, si kukata roho. Asipoyumba akiamka, na asipohema juu juu akiwa ameketi, basi mwacheni alale.

Na vile vidude vya kubana kidole vya kupima oksijeni visiwatie wazimu. Kambini Barafu hata mtu mwenye afya njema anaweza kusoma asilimia 80 au chini kidogo. Kidole kikiwa cha baridi, au kucha zina rangi au hina nyeusi, namba inadanganya. Pasha vidole joto kwapani dakika tano, pima ukiwa umekaa, subiri namba itulie. Linganisheni kila mtu na jana yake na wenzake. Kama wote wako 82 na mmoja yuko 68, huyo ndiye wa kukaliwa jirani.

Mtoza Michango
Nimekopi yote. Wakala leo kasema Diamox (dawa ya kinga ya ugonjwa wa mwinuko) ni lazima kwa kila mtu. Wengine ofisini wanasema ni dawa ya kuficha ugonjwa. Na wale watatu wenye hali zao?

Daktari wa Zamu
Haifichi. Diamox inalazimisha figo kutoa ile baikaboneti mapema, kwa hiyo unahema vizuri usiku. Inayoficha ni deksamethasoni (dawa ya kupunguza uvimbe), ndiyo maana hiyo haitumiki kumsaidia mtu aendelee kupanda.

Kipimo cha kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni. Madukani vidonge vingi ni vya 250, kwa hiyo ni nusu kidonge mara mbili. Kwenu, mkiingia lango Desemba 4, anzeni Desemba 3, mwache mkianza kushuka. Jaribuni nyumbani siku mbili wiki kadhaa kabla: mtahisi vidole na midomo inachonyota, mtakojoa zaidi, na soda itakuwa na ladha ya ajabu. Hayo yote ni ya kawaida. Vipele, uso kuvimba au kupumua kwa shida si kawaida.

Angalizo kwa Watanzania: aliyewahi kudhurika vibaya na Septrin, Fansidar au SP, ngozi ikachubuka au akalazwa, aseme kwa daktari kabla ya kuigusa Diamox, kwa kuwa ni ya ukoo wa salfa. Wengi wenye mzio mdogo huivumilia, lakini uamuzi huo haufanyikii mlimani. Kwa ratiba ya siku 7 au 8 si lazima kwa kila mtu. Kwa siku 6, mimi ningeipendekeza kwa wote wasio na kizuizi, na bado ningewaambia mwongeze siku.

Mwenye kisukari anaweza kupanda kama sukari yake imetulia na daktari wake amekubali. Insulini ikae mfuko wa ndani karibu na ngozi mchana, na ndani ya begi la kulalia usiku. Ikiganda hata mara moja, itupwe hata kama imeyeyuka ikaonekana safi. Mashine ya kupima hugoma kwenye baridi, ipashwe joto kwanza. Na yeyote anayechanganyikiwa mlimani, awe na kisukari au la, achomwe kidole apimwe sukari: iliyoshuka hufanana sana na ubongo kuvimba, na dawa yake ni vijiko vya sukari tu kama anaweza kumeza.

Mwenye presha aendelee na dawa zake bila kuruka, na ajue shinikizo linaweza kupanda siku za mwanzo. Kama moja ya dawa zake ni ya kukojosha, Diamox juu yake inaweza kumkausha. Amwone daktari na orodha ya dawa mkononi.

Dada wa nusu selimundu ndiye ninayemwazia zaidi. Afanye kipimo cha aina ya hemoglobini kwanza, asitegemee alichoambiwa utotoni. Kama ni SS (selimundu kamili), mlima huu haumfai. Kama ni AS (nusu selimundu), wengi hupanda salama, lakini upungufu wa oksijeni unaweza kuziba mishipa ya wengu. Dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, wakati mwingine na homa na kutapika. Waongozaji wote wajue kabla ya safari kwamba maumivu hayo kwake maana yake ni kushuka mara moja, wala yasiitwe gesi. Asikaukiwe maji, asiende ratiba ya siku 6.

Deksamethasoni na nifedipini ziwe kwenye boksi la mwongozaji aliyefunzwa. Kwa ubongo: deksamethasoni miligramu 8 mara moja, kisha 4 kila baada ya saa 6, huku anashushwa. Kwa mapafu: oksijeni na kushuka kwanza, nifedipini ya kuachia polepole miligramu 30 kila saa 12 ni pale oksijeni haipo na kushuka kumekwama. Dawa za usingizi na Konyagi ziacheni Moshi, zinapunguza kuhema usiku.

Barafu Kwa Jicho
Oksijeni sasa, maana mawakala wengi husema "tunayo" na wateja wanaridhika.

Mwambieni mwongozaji mkuu aifungue mbele yenu Moshi. Geji isome imejaa, kirekebisha mtiririko kiwepo na kiingie, barakoa iwepo, ufunguo wa valvu uwepo. Chupa iliyojaa isiyo na ufunguo ni mzigo tu. Kisha pigeni hesabu: chupa ya lita 2 iliyojazwa kwa bar 200 ina lita 400. Kwa mtiririko wa lita 2 kwa dakika inadumu dakika 200. Kwa lita 4 ni dakika 100. Kutoka karibu na Stella Point (ukingo wa kasoko, chini kidogo ya kilele) kumshusha mgonjwa anayeburutwa hadi Barafu, dakika 100 zinaisha njiani. Kwa watu 14, chupa moja haitoshi.

Waongozaji: mmoja mkuu na wasaidizi wanne au watano. Hesabu ni rahisi, kila anayegeuka usiku wa kilele anashuka na msaidizi wake, na wanaobaki hawaachwi bila mtu. Waulizeni nani ana mafunzo ya huduma ya kwanza ya porini, cheti kikiwa hakijaisha muda.

Maji nayo: Barafu hakuna maji. Yanabebwa kutoka bonde la Karanga. Watu 14 kwa lita 4 ni lita 56 za kunywa tu, karibu ndoo tatu za lita 20, na ndoo ya lita 20 ndiyo mzigo kamili wa mpagazi mmoja, kwa sababu kikomo cha mzigo ni kilo 20. Wakala akiwa amebana idadi ya wagumu, kinachopungua kwanza ni maji. Ulizeni namba.

Kijana wa Posta
Nakubali kushindwa, tunaongeza siku 😀. Ila mbona wengine wanasema lita 5, 6 kwa siku ndiyo kinga?

Mama Kibo
Lita 3 hadi 4 pamoja na chai na supu zinatosha. Mkojo uwe wa manjano hafifu. Maji mengi hayazuii ugonjwa wa mwinuko, na ukinywa kupita kiasi bila chumvi, sodiamu kwenye damu inashuka, nayo inaleta kichwa kuuma, kutapika na kuchanganyikiwa. Mtachanganya mambo. Supu ya mpishi isiachwe.

Maji ya kijito yachemshwe yabubujike dakika tatu, kwa kuwa juu yanachemka kwa joto dogo (Barafu ni kama nyuzi 85). Vidonge vya klorini vinafanya kazi, ila maji ya baridi sana yapewe saa nzima badala ya nusu. Kwa anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Ndoo ya kunawia na sabuni iwe mlangoni pa hema la chakula, si nyuma ya hema la mpishi.

Mavazi. Desemba mapema ni vuli bado: msituni mvua na tope, juu theluji inawezekana, na usiku wa kilele tegemeeni nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri, na upepo juu yake. Pamba ni adui, ikilowa haikauki. Jinzi zisivuke lango. Mwilini vaeni nguo ya ndani ya kubana isiyo pamba, juu yake sweta la manyoya ya sintetiki, kisha jaketi zito la manyoya ya bata, na mwisho koti lisilopitisha upepo wala maji. Chini tabaka tatu. Glovu nyembamba ndani ya mitti nzito (glovu zisizotenganisha vidole). Mitumba ya Memorial na Kiboriloni pale Moshi ina majaketi mazuri kuliko mengi ya dukani. Libane jaketi mkononi, likichelewa kujaa tena manyoya yamekufa. Vuta zipu mara kumi.

Nguo za kilele na begi la kulalia viwekwe kwenye mifuko isiyopitisha maji ndani ya begi kubwa. Rambo zimepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, msije nazo langoni.

Usiku wa kilele chupa ya maji iingie kwenye soksi na igeuzwe mdomo chini, barafu huanzia juu kwa hiyo mdomo haugandi. Mrija wa mfuko wa mgongoni huganda ndani ya saa moja. Betri za tochi ya kichwani na simu zikae kifuani. Miwani ya jua yenye kinga kamili ni lazima hata kwa weusi wetu, theluji inaunguza macho na maumivu huja jioni ukiwa umeshashuka. Kucha za miguu zikatwe siku mbili kabla, mtelemko wa kurudi ni karibu mita 2,800 kutoka Uhuru hadi Mweka Camp, na kucha ndefu hung'oka.

Anayetetemeka apewe nguo kavu na kitu cha moto. Aliyekuwa anatetemeka akaacha, huku anaongea kwa kuvuta maneno, hali imekuwa mbaya. Vidole vilivyokufa ganzi visisuguliwe, viwekwe kwapani mwa mtu mwingine.

Sirimon Boy
Salamu kutoka Nanyuki. Hii hesabu ya kulala inatuhusu sana huku Mlima Kenya, sababu ni mlima mfupi na watu wanaudharau. Kwa njia ya Naro Moru unalala Met Station 3,050, kesho yake Mackinder's 4,200, usiku huo unaamka kwenda kilele cha Lenana 4,985. Ni mita 1,150 za kulala kwa siku moja, na kutoka Nairobi umefika kileleni siku ya tatu. Ndiyo maana maji ya mapafu yanajulikana huku. Njia ya Sirimon, Old Moses 3,300 hadi Shipton's 4,200, ni afadhali kidogo tu. Ongeza usiku mmoja katikati, Liki North au Old Moses penyewe.

Mtoza Michango
Asante sana. Swali la Western Breach, wakala ametaja kama "njia fupi ya kukwepa msongamano" kupitia Arrow Glacier?

Barafu Kwa Jicho
Hapana. Kundi la kwanza la ofisini haliendi huko. Mawe yanashikiliwa na barafu, na barafu ikilegea yanaporomoka. Januari 2006 Wamarekani watatu walikufa hapo kwa maporomoko. Halafu ukishapanda katikati, kumrudisha mgonjwa chini ni shughuli nzito sana.

Wekeni pia saa ya kugeuka, mkubaliane mkiwa bado na akili, yaani kambini. Mkianza saa 6 usiku, Stella Point ni saa 11 au 12 alfajiri, Uhuru dakika 45 hadi saa moja mbele. Ambaye saa 3 asubuhi hajafika Stella anageuka. Kileleni dakika 15, bendera, picha, shukeni. Na kwenye bima someni mambo mawili: kikomo cha urefu kwa mita, na kama helikopta imetajwa kwa jina. Ikitajwa bado inategemea mawingu, kwa hiyo machela na mabega ya wagumu ndiyo mpango halisi.

Dereva wa Seronera
Niingie upande wa mbuga. Tarangire haiwazoeshi chochote, iko mita 1,100 hivi. Ukingo wa Ngorongoro ni kama 2,300, usiku mmoja pale unasaidia kidogo mno. Mkitaka kuzoea kweli pandeni Meru, mtalala Saddle Hut 3,570. Wekeni mbuga baada ya mlima. Anayetaka kwenda Zanzibar kupiga mbizi kwa mtungi, afanye hivyo mwisho kabisa. Akitangulia, asubiri si chini ya saa 24 kabla ya kupanda juu.

Kuna sababu nyingine. Mbu akikuuma Tarangire Desemba 1 au 2, malaria ya mapema huanza baada ya siku saba, yaani Desemba 8 au 9. Mtakuwa Barafu na homa, mnabishana kama ni mlima.

Tarangire na Serengeti kuna ndorobo. Wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi na gari linalotembea, wanauma kupitia fulana nyembamba, na dawa za kupaka haziwazuii sana. Vaeni kaki au kijivu, kitambaa kizito, vioo vifungwe mkipita vichaka vyao. Ruufu likiwa wazi gari likitembea, mtu aketi na mkanda. Shimo moja linavunja mbavu za aliyesimama. Kambi ya Simba pale Ngorongoro usiku ni baridi kweli, na tembo huja kunywa maji ya kambi. Hakuna ndizi hemani. Kwenda chooni usiku, mulika kwanza pande zote ukiwa mlangoni, mtoke wawili.

Nyoka akiuma: pete na saa zitolewe, kiungo kifungwe ubao kisisogee, hospitali. Hakuna kukaza kamba, kuchanja wala jiwe jeusi. Swila akitema machoni, maji mengi kwa dakika 15 au 20.

Daktari wa Zamu
Dereva kasema vema kuhusu homa. Boksi la mwongozaji liwe na mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) kadhaa zisizoachwa zigande, na ALu (dawa mseto ya malaria). Joto la nyuzi 38.5 na kuendelea mlimani, fikirieni maambukizi, maana ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida hauleti homa kubwa. mRDT ikionyesha malaria, mtu anashuka na anaanza ALu: mtu mzima vidonge 4, tena 4 baada ya saa 8, kisha 4 asubuhi na jioni kwa siku mbili, pamoja na chakula chenye mafuta. Vidonge 24 vyote, hata kama homa imeisha siku ya pili.

Mtoza Michango
Na homa ikitupata tumesharudi Dar?

Daktari wa Zamu
Mwambie daktari ulikuwa mbugani, utaje na ndorobo. Malale ya huku kwetu huanza haraka, mara nyingi wiki moja hadi tatu baada ya kuumwa, wakati mwingine na kidonda chekundu kilichovimba pale ulipoumwa. mRDT haiioni hata kidogo, na majibu yakitoka "hakuna malaria" watu hupewa antibayotiki na kurudishwa nyumbani. Ombeni damu itazamwe kwa darubini, na mtaalamu wa maabara aambiwe anatafuta vimelea vya malale pia, siyo malaria peke yake.